Nilimnyima Lupita kura, nikaosha masufuria wiki nzima

Kila mwaka ikifika Januari, majina ya wanaowania tuzo za Oscar yakishatangazwa, kijiweni kwetu hapa Soweto, Mbeya, huwa nasumbuliwa na swali moja tu: "Mwandishi, nani anachukua?" Wananiuliza utadhani mimi ndiye ninayehesabu kura. Nami najibu, maana ukishaitwa mwandishi huna ruhusa ya kusema hujui. Ila kuna dada mmoja muuza chipsi jirani na soko, yeye kila akinisikia natabiri hucheka mpaka anaweka kijiko cha kugeuzia chini. Wiki hii nimeamua kueleza mwenyewe kwa nini anacheka, kabla hajawaeleza yeye kwa namna yake.

Turudi mwaka 2014. Nilikuwa kidato cha pili, shati jeupe limeshageuka kijivu, na akili yote iko kwenye sinema. Tulikuwa na banda la video la mabanzi, kiingilio shilingi 200, mabenchi ya kukalia yamelegea misumari kiasi kwamba ukiinuka vibaya unaiacha suruali nyuma. Nilikulia kwenye sauti ya Lufufu, yule bingwa wa kutafsiri sinema kwa Kiswahili, na siku ya kwanza nilipomsikia staa mmoja wa Kimarekani kwa sauti yake mwenyewe nilidhani CD ni mbovu. Ndiyo shule yangu ya sinema hiyo, bwana. Nyingine sikupata.

Basi tarehe 16 Januari mwaka huo yakatangazwa majina, na kijiwe kikachemka. Haikuwa kawaida. Kwenye orodha ya waigizaji wasaidizi kulikuwa na watu wawili wa upande wetu huu wa Afrika. Kwa wanawake alikuwepo Lupita Nyong'o, Mkenya, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, yule mwanasiasa ambaye baadaye, mwaka 2017, alichaguliwa kuwa gavana wa Kisumu. Lupita alizaliwa Mexico, akakulia Kenya, na wengine tulikuwa tumeshamwona kwenye mchezo wa Shuga wa MTV. Sasa alikuwa ameigiza mtumwa aitwaye Patsey kwenye 12 Years a Slave, sinema yake kubwa ya kwanza baada ya kumaliza masomo ya uigizaji Yale mwaka 2012.

Kwa wanaume alikuwepo Barkhad Abdi, Msomali mzaliwa wa Mogadishu, aliyeigiza kiongozi wa maharamia kwenye Captain Phillips. Huyu hadithi yake ilituchanganya kabisa. Hakuwa mwigizaji. Alikuwa dereva wa magari ya kukodi ya kifahari mjini Minneapolis, Marekani. Akasikia kuna watu wanatafuta Wasomali wa kucheza sinema, akaenda kujaribu pamoja na washikaji zake, kwenye umati wa watu zaidi ya 700. Akachukuliwa. Akasimama mbele ya Tom Hanks akamwambia kwamba kuanzia sasa nahodha ni yeye. Na kumbe, msomaji, mwaka huo Hanks mwenyewe hakuteuliwa kwa sinema ile! Aliyeteuliwa ni dereva.

Kijiweni tulikuwa na konda mmoja wa Hiace, mshikaji wangu sana, na habari ile ilimwingia kama sindano. Jamaa alikuwa mwanachama wa kikundi cha maigizo, wale wanaofanya mazoezi jioni kwenye darasa la kuazima na kuahidiwa kila mwezi kwamba kamera inakuja. Kamera haiji. Nauli ya basi la Dar es Salaam alikuwa ameshaiweka kando, imekunjwa ndani ya soksi. "Huyu Msomali akichukua," akasema, "mimi Jumatatu hiyohiyo napanda basi. Kama dereva kapata, konda anakosaje?"

Nani angembishia? Mimi nilimbishia.

Mwanasayansi wa Soweto

Niwaeleze hesabu zangu, maana nilikuwa nimezipata kwa jasho. Nusu saa ya intaneti kafe ilikuwa imekula hela yangu ya maandazi. Pale niligundua siri ambayo mpaka leo naitumia: Oscar haidondoki kutoka mbinguni. Kabla yake kuna tuzo nyingine, na ukizifuata unaona upepo unakovuma. Kuna Golden Globe za Januari mwanzoni. Kuna tuzo za chama cha waigizaji wa Marekani, wakati ule wakiziita SAG. Kuna za wahakiki wa sinema, Critics' Choice. Na kuna BAFTA za Uingereza.

Hazina uzito sawa. Golden Globe zilikuwa zikigawiwa na waandishi wa habari wachache, na waandishi hawapigi kura ya Oscar. Wanaopiga ni wanachama wa Academy, mwaka ule walikuwa kama 6,000, na kundi kubwa kuliko yote ndani yake ni waigizaji wenyewe. Wengi wa waigizaji hao wamo pia kwenye SAG. Kwa hiyo SAG ikisema kitu, ni kama umesikia wajumbe wakinong'ona kabla hawajaingia kwenye mkutano.

Sasa tuzo zikaanza kutoka. Kwa wanaume, Jared Leto wa Dallas Buyers Club akachukua Golden Globe, akachukua Critics' Choice, akachukua SAG tarehe 18 Januari. Nikamwambia konda: "Kaka, imeisha hiyo." Halafu tarehe 16 Februari, kasheshe! BAFTA ikaenda kwa Barkhad Abdi. Konda alipiga honi kutoka Kabwe mpaka Soweto, na honi si kazi ya konda. Abiria mmoja mzee akauliza kama kuna harusi. Mimi nikatoa kidaftari changu nikamwonyesha: Leto hakuwemo kabisa kwenye orodha ya BAFTA. Barkhad alishinda mbio ambazo bingwa hakukimbia. Konda akaniambia nina roho mbaya. Labda. Lakini hesabu ilikuwa sahihi.

Kwa wanawake mambo yalikuwa hivi. Waliowania ni Lupita, Jennifer Lawrence wa American Hustle, Julia Roberts ambaye kila dada wa mjini alimjua kwa Pretty Woman, Sally Hawkins wa Blue Jasmine, na bibi June Squibb wa Nebraska aliyekuwa na miaka 84 na ambaye mimi nilimpenda bure. Golden Globe ikaenda kwa Jennifer. BAFTA ikaenda kwa Jennifer. Critics' Choice ikaenda kwa Lupita. Na SAG? Kwa Lupita.

Mimi nikaandika: Jennifer Lawrence.

Yule dada wa chipsi akaandika: Lupita. Tuliandika kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari langu la Jiografia, konda akiwa shahidi. Akikosa Lupita, nakula chipsi mayai za bure siku saba. Akipata, naosha masufuria siku saba. Na konda, Barkhad akikosa, ananipeleka shule mwezi mzima bila nauli. Sote watatu tukaweka sahihi, na konda akaongeza neno "mwigizaji" mbele ya jina lake.

Nilimwuliza dada anatumia hesabu gani. Akasema hana hesabu, ana sabuni. Tulikuwa tumeiangalia sinema ile bandani pamoja, CD ya kuchoma, picha inakatika kila baada ya muda. Kuna mahali Patsey anakwenda shamba la jirani kuomba kipande cha sabuni, kwa sababu mke wa tajiri wake anamnyima hata cha kuoga. Anachuma pamba kuliko wanaume, zaidi ya ratili 500 kwa siku, halafu hana cha kujisafishia. Akirudi anachapwa kwa ajili ya kile kipande. Banda zima lilinyamaza. Mle ndani kwa kawaida watu hushangilia hata adui akianguka kwenye ngazi, lakini siku ile hata mwenye banda alisahau kuuza karanga. Dada akaniambia: "Yule mtoto hakuigiza. Ukishamwona na ile sabuni, huwezi kwenda kumpigia kura mwingine." Nikamcheka. Nikamwambia wazungu hawapigi kura kwa machozi.

Saa kumi na nusu alfajiri

Sherehe yenyewe ilikuwa Jumapili usiku kule Hollywood, tarehe 2 Machi, ambayo kwetu ni Jumatatu alfajiri. Mwenye banda alikuwa na dishi, akakubali kufungua kwa kiingilio maalumu cha shilingi 500, mwizi mkubwa yule. Mvua ilikuwa inanyesha, Loleza haionekani, na tulikuwa watu tisa tu ndani ya makoti. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kujisomea mapema. Mama hakuuliza zaidi. Alinipa kiazi cha kuchemsha nikiweke mfukoni kinipashe joto, na mpaka leo kumbukumbu hiyo hainipi raha.

Tuzo ya kwanza kutolewa usiku ule, amini usiamini, ilikuwa ya mwigizaji msaidizi wa kiume. Hawakutupa hata nafasi ya kukaa vizuri. Wakataja majina matano, wakamwonyesha Barkhad amekaa na suti yake, konda akashika kichwa kwa mikono miwili. Bahasha ikafunguliwa: Jared Leto.

Hakuna aliyesema kitu. Konda akainuka, akavaa kofia yake ya sufu, akasema gari linatoka saa kumi na moja, akatoka kwenye mvua. Nilikuwa nimeshinda. Nilitaka kushangilia, ila sauti haikutoka.

Ikapita saa nzima na zaidi ya nyimbo na matangazo. Wengine wakasinzia. Kulipokuwa kunaanza kupambazuka, dada akaingia na ndoo yake ya viazi, akasimama mlangoni akisema hakai, anapita tu. Ndipo ikaja zamu ya wanawake. Bahasha: Lupita Nyong'o. Ndoo ikaanguka, viazi vikasambaa chini ya mabenchi mpaka kwenye matope. Kwenye TV, Lupita anapanda jukwaani na gauni lake la bluu, ile rangi aliyosema inamkumbusha Nairobi. Mkenya wa kwanza kuchukua Oscar. Siku moja tu kabla alikuwa ametimiza miaka 31. Wamexico nao walidai ni wao, Wakenya wakasema ni wao, na kufika saa mbili asubuhi watu wa Soweto tulikuwa tumeshaamua kwamba Afrika Mashariki haina mipaka.

Nikaokota viazi. Nilijua ndiyo kazi imeanza.

Masufuria niliosha siku saba kamili, kila jioni baada ya shule, kwa majivu na gunzi, maji ya baridi ya Mbeya ambayo mnayajua wenyewe. Na masizi ya sufuria la chipsi si kitu cha kuoshwa na mtu anayefikiri haraka. Siku ya tatu au ya nne ndipo jambo likaniingia. Hesabu zangu hazikuwa mbaya. Kwa Leto niliiamini SAG, nikasema ndiyo mnong'ono wa wajumbe. Kwa Lupita SAG ileile ilikuwa mbele ya macho yangu, nikairuka, nikaenda kushika Golden Globe ambayo mimi mwenyewe nilishasema haina wapiga kura. Tena kulikuwa na jambo jingine nililolijua vizuri. Jennifer alikuwa amechukua Oscar mwaka mmoja tu kabla, 2013, kwa Silver Linings Playbook, ndiyo ile aliyojikwaa kwenye ngazi akienda kuichukua. Academy haipendi kumpa mtu mmoja mara mbili mfululizo. Katika historia yote ya tuzo za uigizaji waliofanya hivyo walikuwa watano tu, wa mwisho wao Tom Hanks, 1994 na 1995. Nililijua hilo na nikalinyamazia.

Kwa nini? Kwa sababu sikuamini kwamba watampa mtu wa kwetu. Ndiyo hivyo, bwana. Ningekuwa naangalia majina mawili ya Wazungu, mwenye SAG na asiye nayo, ningemchagua mwenye SAG bila kufikiri. Nilimwona Mkenya mweusi, nikatafuta sababu za kumtoa, halafu sababu zile nikaziita sayansi.

Mwenye banda alikuwa na maneno yake juu ya hili, na sijawahi kuyasahau. Alisema Hollywood inampa mtu mweusi tuzo ikimwona ama anatisha ama anapigwa. Akahesabu vidole: Forest Whitaker, Mmarekani yule, alichukua mwaka 2007 kwa kuigiza Idi Amin, kwenye sinema iliyopigwa Uganda kwenyewe, na akajifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi ile. Barkhad kateuliwa kwa uharamia. Lupita kachukua kwa utumwa. Yule mzee alikuwa amepigana vita vya Kagera, na alisema siku alipoangalia ya Whitaker alizima TV katikati, kwa sababu kicheko kile alikuwa amekisikia redioni mwaka 1978. Nadhani ilikuwa sifa kubwa kwa Whitaker kuliko Oscar yenyewe. Na hoja ya mzee bado ina nguvu, ingawa mwaka 2021 Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda, alichukua kwa kuigiza Fred Hampton, kiongozi na msemaji mzuri. Anapigwa risasi mwishoni lakini.

Kaluuya nilimpatia, kwa taarifa yenu. Alikuwa na Golden Globe, SAG na BAFTA, sikutafuta sababu za kumtoa. Ila mwaka huohuo nilimpa marehemu Chadwick Boseman tuzo ya mwigizaji bora wa kiume, kama alivyompa dunia nzima. Alikuwa na Golden Globe na SAG, hata waandaaji waliipeleka tuzo ile mwisho kabisa wa sherehe. Bahasha ikafunguliwa: Anthony Hopkins, ambaye hata hakuwepo ukumbini. BAFTA ilikuwa imemchagua yeye, nasi tukaidharau. Kwa hiyo msinishike shati. Mnong'ono wa wajumbe ni mnong'ono tu.

Konda alikwendaje Dar

Sasa mtaniuliza habari za konda. Mwezi mzima alinipeleka shule bure, kama tulivyoandikiana, na hakuniongelesha wiki ya kwanza. Baadaye zikatoka habari Marekani kwamba Barkhad alilipwa dola 65,000 kwa sinema iliyoingiza zaidi ya dola milioni 200, na kwamba baada ya kuicheza alikuwa anauza simu kwenye duka la kaka yake Minneapolis. Nikamsomea konda nikidhani nampoza. Akakaa kimya kituo kizima, halafu akasema: "Kwa hiyo alirudi kazini." Nikasema ndiyo. Akasema: "Basi mimi nakwenda. Kama hata aliyeteuliwa anarudi kazini, sina cha kupoteza. Kazi ya ukonda itanisubiri." Ndiyo nikaelewa kwamba sikuwa nimemzuia kwa hesabu zangu zote.

Alikwenda katikati ya mwaka ule. Alikaa miezi minane. Alipata sehemu moja tu kwenye sinema moja, akaigiza konda. Malipo yake yalikuwa wali na soda, na nauli ya kurudi Mbeya ikatoka kwa shemeji yake. Leo anaendesha Coaster, tena ni yake nusu. Barkhad naye aliendelea, tukamwona kwenye Eye in the Sky na Blade Runner 2049. Kila mmoja na gari lake.

Nyumbani hapa tuzo nazo zimekuja. Mwaka 2016 kule Lagos, Elizabeth Michael, Lulu wetu, alirudi na tuzo ya AMVCA ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu, na Single Mtambalike, Richie, akachukua ya filamu ya Kiswahili kwa Kitendawili. Mwaka 2021 tamasha la tuzo za filamu la Bodi ya Filamu likaletwa hapahapa Mbeya. Konda aliuza tiketi za Coaster siku ile kama mwehu, akapeleka watu na kurudisha watu. Hakuingia ndani.

Kwa hiyo orodha nyingine ikitoka, mkija kijiweni, nitawajibu hivi. Kwanza, subirini SAG, na wekeni BAFTA pembeni yake, zikikubaliana andikeni jina kwa wino. Pili, angalieni nani amechukua mwaka jana, mkateni. Tatu, mkijiona mnatafuta sababu nyingi za kumtoa mtu mmoja, jiulizeni mnamtoa kwa nini. Hii ya tatu sikuisoma intaneti kafe.

Ile karatasi ya daftari la Jiografia bado ipo. Dada aliipigilia msumari ndani ya kibanda, juu ya beseni la kachumbari, imeshakuwa kahawia kwa mafuta. Sahihi ya "mwigizaji" inasomeka vizuri kuliko zote. Jina la Jennifer Lawrence nimelikosea herufi mbili. Wiki iliyopita nilimwomba aniuzie, nikafika mpaka shilingi elfu kumi. Akaniuliza chipsi ni kavu au mayai.